Risiti Mbili

Alituona kabla hatujamwona.
Nguo nyeupe pembeni ya lami, tukitoka tu kwenye kona ya Ipole,
mkono juu, kiganja wazi
kama mtu anayezuia mvua.

Nyamizi hakukanyaga breki kwa pupa.
Aliwasha taa ya kushoto, akaitoa Canter barabarani
taratibu. Ndoo za asali zikasogea nyuma yetu,
zikagongana, zikatulia.
Akazima injini, mikono yote miwili juu ya usukani.
"Kusimama ni deni langu," akanong'ona.
"Nalilipa kwanza. Kisha na mimi nadai."

Nilikuwa utingo wa wiki ya tatu.
Ndani ya ngumi nilikunja noti ya elfu tano,
ndogo kama kidonge,
maana kwa bosi wangu wa zamani, njia ya Nzega,
hiyo ndiyo ilikuwa leseni.

"Habari za safari, mama."
"Salama, afande. Pole na jua."
Leseni: akatoa.
Kadi, bima: zimo kwenye mfuko wa plastiki
pamoja na picha ya ubatizo wa mwanawe wa mwisho.
Mtungi wa moto nikauinua mimi, mzito, umejaa.
Pembetatu mbili; moja imevunjika mguu,
tumeufunga kwa mpira wa baiskeli.

Akazunguka nyuma. Kimya.
Nyuki waliotufuata tangu Kitunda
wakamkagua na yeye.
"Taa ya breki ya kulia imekufa."
(Tulijua. Ilikufa Jumanne.)
"Sasa, mama, tunafanyaje?"

Swali lenyewe ndilo hilo.
Halina kosa ndani yake, halina kifungu,
ni mlango ulioegeshwa
ili wewe ndiye uusukume.
Ngumi yangu ikaanza kufunguka.

Nyamizi akanigonga goti kwa goti lake.
"Afande, nitajie kosa kwa jina lake."
"Si nimeshasema? Taa."
"Basi ni taa. Kweli nimekosa. Niandikie."
"Nikuandikie? Elfu thelathini hiyo, mama."
"Niandikie. Jina lako naliona hapo kifuani, Koplo Sizya.
Silitaji kwa ubaya."

Thelathini badala ya tano!
Nilipiga hesabu, nikaipiga tena,
nikamwona mwanamke huyu akimwaga porini
nauli yangu ya kwenda na kurudi nyumbani.

Kimashine kikakwaruza, kikatoa
ulimi mwembamba wa karatasi.
Akausoma wote, midomo ikicheza,
kama barua iliyotoka kwao.
"Herufi ya mwisho ya gari ni D, afande. Umeweka B."
Akarekebisha. Jasho lilimshuka shingoni.

Tulidhani amemaliza. Hakuondoka.
"Asali ya miyombo hiyo?"
"Ya miyombo."
"Hata ya kuonja, mama?"
"Lita moja elfu kumi."

Lori la tumbaku likapita, likatupaka vumbi sote watatu.
Kisha Koplo Sizya akaingiza mkono mfuko wa nyuma,
akatoa pochi yake mwenyewe, nyembamba,
akahesabu: tano, mbili, mbili,
na sarafu mbili za mia tano.

Nyamizi akajaza chupa, akafuta mdomo wake kwa pindo la khanga.
Akachukua kitabu kwenye dashibodi, akaandika:
*Koplo Sizya. Asali, lita 1. Imelipwa.*
Akachana, akampa.
Yule bwana akaisoma yote, naye, midomo ikicheza,
ndipo akacheka, kicheko ambacho hakikuwa cha kazini.

Tabora, kabla hatujala,
noti yangu, imelowa jasho, ikanunua balbu.
Chenji ikabaki.
Giza lilipoingia nikasimama nyuma ya gari,
nikapaza sauti: "Kanyaga!"
Akakanyaga,
na ukuta wa gereji
ukawaka mwekundu, kushoto na kulia.